Mkoko wa umeme, baiskeli mgongoni

KAMA wewe ni mtoto wa mjini na unadhani hakuna mzigo ambao hujauona, sikubishii. Umemwona tandiboi akipandisha magodoro, matenga ya nyanya na mbuzi mzima kwenye keria ya basi la mkoani. Umemwona muuza mkaa akiteremka kutoka Pugu na magunia matatu juu ya Phoenix, anapiga mluzi kana kwamba amebeba mkate. Kwetu baiskeli ndiyo inayobeba. Sasa sikiliza ya majuu: kuna nchi ambako baiskeli ndiyo inayobebwa, tena inabebwa na gari lisilotumia hata tone la petroli.

Nchi hiyo ni Norway. Wiki hii, msomaji wangu, nakupeleka huko, kutoka Oslo hadi milimani, ujionee wenzetu wanavyohangaika na jambo ambalo kwa mbali linaonekana dogo: baiskeli unaifunga wapi kwenye gari la umeme, na ukikosea inakuwaje? Usicheke. Baiskeli ya kilo 25 ikichomoka kwenye gari lililo mwendo wa kilometa 80 kwa saa, aliye nyuma yako hana pa kukimbilia.

NCHI YA MAGARI YASIYONGURUMA

Ukisimama pembeni ya barabara Oslo, kitu cha kwanza kinachokushangaza ni ukimya. Magari yanapita ‘shwaa’ kama kanga inayoburuzwa sakafuni. Mwaka 2024, katika kila magari mapya 100 ya abiria yaliyouzwa nchini humo, karibu 89 yalikuwa ya umeme mtupu. Utayajua kwa namba zake, nyingi zinaanza na herufi E: EL, EK, EV na kuendelea.

Mambo haya hayakuanza jana. Wale vijana wa kundi la a-ha, walioitikisa dunia mwaka 1985 na kibao chao cha Take On Me, wana mkono wao humo. Mwaka 1989, wakiwa na mwanaharakati wa mazingira Frederic Hauge wa shirika la Bellona, waliingiza Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme, kisha wakawa wanapita nayo kwenye barabara za kulipia bila kulipa senti. Faini zikarundikana, gari likakamatwa na kupigwa mnada, na bado likarudi mikononi mwao. Mchezo ukaendelea! Serikali nayo ikaanza kulegeza. Mwaka 1990 ushuru wa kununulia magari hayo uliondolewa, mwaka 1997 yakasamehewa malipo ya barabara, na mwaka 2001 yakafutiwa VAT. Mwaka 2023 VAT ilianza kurudi, kwa ile sehemu ya bei iliyozidi kroner 500,000. Lakini wakati huo watu walikwishazoea.

Tatizo ni kwamba watu hao hao wanapenda baiskeli na milima. Ikifika Julai na Agosti, jua linapoonea huruma nchi hiyo kidogo, kila familia inataka kupanda juu na baiskeli zake. Hapo ndipo kasheshe inapoanza.

BARABARA YA VIBARUA

Mwenyeji wangu ni dada mmoja wa Tanga anayeishi Oslo miaka mingi, ameolewa na Mnorwe. Shemeji huyo aliwahi kufanya kazi Tanga, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha baadhi ya vijana wa Sinza. Safari waliyonipangia ilikuwa ya Rallarvegen, njia ya baiskeli ambayo Wanorwe wanaitaja kama sisi tunavyoutaja Mlima Kilimanjaro: aliyefika hachoki kusimulia.

Jina hilo maana yake ni barabara ya vibarua. Ilichongwa na wafanyakazi waliojenga reli ya kutoka Oslo kwenda Bergen, wakapitisha humo vifaa na chakula kuelekea kwenye mahandaki. Reli ilifunguliwa mwaka 1909, barabara ikabaki haina kazi, na mwaka 1974 ikafunguliwa kwa waendesha baiskeli. Inaanzia kituo cha Haugastøl, inapita Finse, inateremka Myrdal hadi Flåm kwenye ukingo wa bahari. Jumla ni kama kilometa 80. Theluji inaifunga sehemu kubwa ya mwaka. Wenye haraka wanaenda Julai, wenye akili wanaenda Agosti.

Utauliza, kwa nini baiskeli zisipande tu treni kutoka Oslo? Zinapanda. Lakini nafasi za baiskeli ndani ya treni ni chache, zinakatiwa tiketi yake, na msimu wa joto zinagombaniwa kama viti vya basi la Desemba kwenda Moshi. Aliyechelewa anatumia gari lake hadi Haugastøl, umbali wa kama kilometa 250. Sisi tulikuwa tumechelewa.

KILO TATU ZILIZOTAKA KUVUNJA SAFARI

Jioni moja kabla ya kuondoka, sebuleni kulikuwa na mzani wa bafuni na watu watatu waliokunja sura. Dada aliwahi kuumia goti. Daktari alimruhusu kuendesha baiskeli kwa sharti asisukume kwa nguvu, kwa hiyo anatumia baiskeli ya umeme, ile yenye mota ya kusaidia miguu. Bila hiyo, milimani angeenda kutushikia makoti tu. Na hiyo safari alikuwa ameiota miaka mitatu.

Gari lao lina ndoana nyuma, pale panapofungwa tela. Kitabu cha gari kinasema ndoana hiyo isishikilie zaidi ya kilo 75, na humo lazima uhesabu baiskeli pamoja na keria yenyewe. Tukapima. Keria kilo 19. Baiskeli ya dada 25. Ya shemeji, nayo ya umeme, 26. Ya kwangu, ya kuazima kwa jirani, haina mota, 14. Jumla 84! Tukatoa betri za baiskeli mbili, kila moja kilo tatu. Zikabaki 78.

“Kilo tatu tu, nani ataziona?” alisema shemeji, anataka kwenda kulala.

“Ndoana itaziona,” dada akamjibu. “Ukipita kwenye tuta, mzigo unaruka halafu unarudi. Kilo 78 zikirudi chini hazirudi 78, zinarudi kama gunia la saruji lililodondoshwa. Kama wewe unazo kilo tatu za kuchezea, acha baiskeli yako.”

Shemeji kimya. Nikawaokoa kwa kusema yangu ibaki, maana pale Haugastøl kuna baiskeli za kukodi. Tukaondoka na mbili, keria ikiwa imebeba kilo 64, na amani ikarudi ndani ya nyumba. Lakini lile somo la mzani sikulisahau. Magari mengi ya umeme ni mazito yenyewe kwa sababu ya betri, na nafasi ya kuongeza uzito si kubwa kama unavyodhani. Yapo hata ambayo ndoana yake ni ya baiskeli peke yake. Volkswagen ID.3, kwa mfano, imewahi kuuzwa na ndoana ya kilo 75 ambayo hairuhusiwi kuvuta tela hata tupu.

NJIA NNE, KILA MOJA NA BALAA LAKE

Njiani nilikuwa na kazi moja, kuhesabu wenzetu wamefunga vipi. Nikaona njia nne.

Ya kwanza ni juu ya paa, kama basi letu la mkoani. Keria inafungwa kwenye paa, baiskeli zinasimama wima. Nyuma ya gari kunabaki wazi, buti linafunguka, ndoana haihitajiki. Lakini upepo, ndugu yangu! Gari la umeme limechongwa liteleze hewani kama samaki. Ukilipandishia baiskeli mbili kichwani, umemvisha samaki mwavuli. Na upepo hauongezeki kidogo kidogo. Ukitoka mwendo wa 80 kwenda 110, nguvu yake inakaribia kuwa mara mbili. Umeme unaliwa, na kituo cha kuchajia ulichodhani utakipita inabidi uingie. Halafu kuna paa za vioo, na vitabu vingine vinakataa kabisa kuwekewa keria. Vingine vinaruhusu kilo 75 au chini ya hapo, keria ikiwemo. Na nani atainua baiskeli ya kilo 25 juu ya kichwa chake? Mwisho kuna ile hatari ya kusahau. Mtu anarudi mjini amechoka, anaingia kwenye maegesho ya chini ya ardhi yenye dari la mita mbili. Kilichobaki ni kelele na hasara.

Ya pili ni ya ndoana, ile tuliyotumia sisi. Baiskeli zinakaa nyuma, zimejificha kwenye kivuli cha gari, upepo hauzioni sana. Huhitaji misuli, unainua hadi kiunoni tu. Keria nzuri zinainama kukuachia ufungue buti. Ubaya wake, baiskeli zinaficha taa na namba ya gari, kwa hiyo keria lazima iwe na taa zake na namba ionekane, na waya wake unachomekwa kwenye soketi ya tela, yenye matundu 13. Trafiki wa Norway hana mchezo na hilo. Pia gari linazidi kuwa refu, na vile vijicho vyake vya nyuma vinadhani umekaribia kugonga ukuta. Ukirudi nyuma linapiga kelele mpaka lijulishwe kwamba lina mzigo.

Ya tatu ni ya mikanda inayoning’inizwa kwenye mlango wa buti kwa kulabu. Ni ya bei rahisi, na kwenye gari la zamani la bati nene haina neno. Kwenye magari mengi ya umeme huko nyuma kuna kioo kipana na pembe za plastiki za kukata upepo, na kulabu zinavunja au kukwaruza. Wenye magari wengi wanakatazwa na kitabu. Soma kitabu kabla hujanunua mikanda.

Ya nne ni ya ndani. Kunja viti vya nyuma, fungua gurudumu la mbele, tandika blanketi, laza baiskeli, mnyororo uangalie juu. Gari la umeme halina bomba la moshi wala shafti inayopita katikati, kwa hiyo mengi sakafu yake ni tambarare. Upepo hauioni baiskeli hata kidogo, mvua haiioni, na mwizi haioni ukitupia shuka juu. Kwa mtu mmoja au wawili, njia hii ni bab’kubwa. Ubaya ni abiria, kwamba baiskeli inakaa kwenye kiti cha shemeji yako. Na lazima uifunge. Ukikanyaga breki ghafla, baiskeli iliyo huru inakuja mbele kukusalimia kisogoni.

BONDENI HALLINGDAL

Barabara kutoka Oslo inapita Hønefoss, halafu inashika namba 7, inapita kando ya ziwa Krøderen na kuingia bonde la Hallingdal. Hapo macho yanapumzika: mto upande mmoja, misonobari upande mwingine, nyumba za mbao nyekundu zimekaa kama zimechorwa. Unapita Nesbyen, mji mdogo wenye rekodi ambayo huwezi kuiamini ukiwa umevaa sweta. Mwaka 1970 kipimajoto kilifika nyuzi 35.6, joto kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Norway. Dar es Salaam pasingekuwa na habari hiyo gazetini!

Dada alisimamisha gari baada ya kilometa 15 tu kutoka nyumbani. Nikadhani kuna hitilafu. Kumbe ni desturi. Mikanda mipya inalegea kidogo mwanzoni, kwa hiyo unasimama, unatikisa kila baiskeli, unakaza. Akazitikisa kama mtu anayejaribu mwembe. Ukanda mmoja ulikuwa umelegea kweli. Akaukaza, tukaendelea. Dakika mbili hizo ndizo zinazotenganisha safari na msiba.

Gol tulisimama kuchaji. Hapo nikaona shida nyingine ambayo mtu wa petroli haijui. Kwenye gari la petroli unasogea pampu unavyotaka. Kwenye vituo vingi vya kuchajia, waya ni mfupi na unaegesha kwa kuingiza pua au makalio. Magari mengine tundu lake liko mbele puani, kama Nissan Leaf, haya hayana shida na keria ya nyuma. Mengine liko ubavuni nyuma, kama Tesla, na inabidi urudi kinyumenyume hadi karibu na mtambo. Sasa baiskeli zako zimechomoza karibu mita nzima! Ama utagonga mtambo, ama waya haufiki. Shemeji akatafuta nafasi ya pembeni, iliyotengwa kwa magari yenye tela, unapita moja kwa moja. Ndiyo maana wazoefu wanachunguza kituo kabla hawajaondoka nyumbani.

Pale tulikutana na vijana wawili wenye baiskeli juu ya paa. Wao walikuwa wanachaji muda mrefu kuliko sisi na wanasema Geilo watasimama tena. Si kwamba hawafiki, wanafika. Ila kahawa za njiani zinakuwa nyingi.

Usisahau pia kilima. Haugastøl iko karibu mita 990 juu ya usawa wa bahari, na Oslo iko baharini. Kulinyanyua gari la tani mbili mita 1,000 kunakula kama yuniti tano na nusu za umeme, yuniti hizi hizi za Luku unazonunua wewe. Utamu ni kwamba wakati wa kurudi, mota inageuka jenereta na sehemu kubwa ya zile yuniti inarudi kwenye betri. Shuka taratibu, acha mota ifanye kazi ya breki. Petroli uliyoipandia mlima hairudishwi na mtu.

JUU KULE

Gari likabaki Haugastøl. Nikakodi yangu, dada akarudishia betri yake, tukaanza. Hadi Finse ni kama kilometa 27, njia ya kokoto, maziwa kila upande, na barafu ya Hardangerjøkulen inakuchungulia kwa mbali.

Finse iko mita 1,222, ndicho kituo cha treni kilicho juu kuliko vyote Norway, na gari halifiki kabisa. Unafika kwa treni, kwa baiskeli au kwa miguu. Mwaka 1914 Ernest Shackleton alifanyia hapo mazoezi kabla ya safari yake ya Ncha ya Kusini, na mwaka 1979 watu wa sinema walikuja kupiga The Empire Strikes Back. Ile sayari ya barafu uliyoiona kwenye video, ndiyo hapo! Tukalala, dada akachaji betri yake ukutani kama simu.

Kesho yake tulipita kilele cha njia, mita 1,343, theluji ikiwa bado imelala kando ya maji mwezi wa nane. Dada akasimama, akalishika goti lake, akasema, “Leo limenitii.” Akafuta macho kwa ncha ya skafu na kusingizia upepo. Hakuna aliyembishia. Kilo zile tatu tulizokataa Oslo, hapo ndipo nilipoziona thamani yake.

Baada ya Myrdal njia inajikunja kona 21 kali kuteremka bondeni. Wengi wanashuka na kukokota, maana breki zinapata moto na kokoto hazina huruma. Chini ni Flåm, na hapo unapanda treni ya Flåm, iliyofunguliwa mwaka 1940, ikupandishe kilometa 20 hadi Myrdal, ubadilishe treni hadi Haugastøl ulikoliacha gari. Tiketi za baiskeli kwa treni hizo kata mapema, usije ukabaki Flåm unaangalia meli.

WEWE ULIYE NYUMBANI

Utasema, mambo hayo yanamhusu nani Kinondoni? Subiri kidogo. Nairobi zimewahi kuonekana teksi za Nissan Leaf, na vijana wa vikundi vya baiskeli wa Dar wanaokwenda Bagamoyo Jumapili wanaongezeka. Siku moja utaazimwa gari na kuambiwa uwabebee baiskeli. Kwa hiyo shika haya.

Pima kwanza, keria pamoja na baiskeli, ulinganishe na kitabu cha gari. Toa betri, pampu, mikoba na kiti cha mtoto, kila kinachoweza kuruka. Ziba kwa mfuko tundu la betri ya baiskeli kama mvua inanyesha. Ule mpira wa tyubu tunaoutegemea ni mzuri kwa kreti la soda. Kwenye barabara kuu unavutika, baiskeli inacheza, kwa hiyo tumia mikanda isiyonyumbuka. Fungia fremu na magurudumu yote mawili. Simama baada ya kilometa 15, tikisa, kaza. Punguza mwendo, utaokoa umeme na roho za watu. Na ukiwa umebeba juu, bandika karatasi kwenye usukani: KUNA KITU PAANI.

Mwenye gari akikwambia, “Kilo tatu tu, nani ataziona?”, unalo jibu la dada wa Tanga. Wiki ijayo tutakuwa karibu zaidi na nyumbani. Safari njema!